Fundi Anajibu: Deki inayosoma, isiyoimba

Mwezi huu barua za CD zimenijia tatu kwa mpigo, na mimi nilidhani watu wote wameshahamia kwenye flashi na simu. Nimeziweka pamoja. Ya Tanga ndiyo nimeijibu kwa kirefu, maana hizo mbili nyingine zinasimama juu ya jibu hilohilo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina CD kama 180 hivi: rumba, taarabu na kisomo cha Kurani. Deki yangu ya siku nyingi imekufa, inaandika NO DISC hata nikiweka CD mpya. Kijana wangu ameniletea amplifaya ya Yamaha A-S301, nyuma ina matundu yameandikwa COAXIAL na OPTICAL. Anasema sasa sihitaji deki kamili, nitafute "transpoti ya CD" tu. Nimeulizia, nikatajiwa bei, nikarudi nyumbani kunywa maji. Uwezo wangu ni shilingi 300,000. Je, kwa pesa hiyo nitapata transpoti, na itaimba vizuri?
Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kijana wako kasema kweli, ila habari kakuletea nusu.

Deki ya CD ya kawaida ina kazi mbili ndani ya boksi moja. Kwanza inasoma sahani na kupata namba. Kisha inazigeuza zile namba kuwa umeme wa sauti ambao amplifaya inaweza kuukuza. Kazi hiyo ya pili inafanywa na kitu kinaitwa DAC, hapa kijiweni kwangu tunatamka "daki". Transpoti ni deki iliyobakiziwa kazi ya kwanza peke yake: inasoma, inatoa namba kwa waya mmoja, basi. Amplifaya yako ina daki ndani tayari, na hayo matundu uliyoyataja ndiyo mlango wake: COAXIAL inapokea namba kwa umeme, OPTICAL kwa mwanga.

Sasa hilo la kuimba. Transpoti haiimbi. CD inapozunguka, kila sekunde kunatoka namba 44,100 za sikio la kushoto na 44,100 za sikio la kulia, kila namba ina biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Zidisha mwenyewe, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Wewe umeita majina darasani miaka na miaka. Mwalimu aliyeita majina 45 bila kuruka hata moja, kaita. Hakuna kuyaita kitajiri. Deki ya bei mbaya na deki ya bei ya karanga, zote zikisoma rejista bila kuruka, daki yako inapokea majina yaleyale.

Watatokea watu wakwambie habari za "jita", yaani namba kufika zikiwa zinayumbayumba kwa wakati. Jita ipo, inapimika. Lakini daki nyingi za siku hizi zinainyoosha zenyewe mlangoni kabla ya kugeuza. Mimi niliwahi kuwafanyia wateja wangu wawili mchezo: transpoti ya mmoja wao, ya gharama, na deki ya DVD niliyoinunua mtumbani kwa 25,000, zote zimechomekwa kwenye daki moja, mimi niko nyuma ya kitambaa nabadilisha. Mmoja akasema hasikii tofauti. Mwenye mali akachagua moja kwa kujiamini kabisa, akasema hii ndiyo yangu, sikiliza besi ilivyotulia. Alichagua DVD. Sikumcheka, ila chai siku hiyo alilipa yeye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza transpoti gani anunue, siulizi itasikikaje. Naulizia lensi. Kinachokufa kwenye deki ya CD ni lensi, kile kijicho cha mwanga kinachotembea chini ya sahani. Vingine mara nyingi vinadumu zaidi. Deki ambayo lensi yake unaipata Kariakoo kwa bei ya nauli ya basi ni mali. Deki nzuri ya Ulaya ambayo lensi yake ilishaacha kutengenezwa, siku ikigoma inakuwa pambo la kuwekea maua.

Na kabla hujanunua chochote, mwalimu, chukua ile deki iliyokufa uigeuze mgongo. Deki nyingi za miaka ya tisini na kuendelea zina tundu moja la pembeni limeandikwa DIGITAL OUT, wenyewe hatulitumii tukadhani ni la urembo. Kama lipo, basi transpoti unayo. Hata upande wake wa sauti ungekuwa umeungua kabisa, wewe huutaki tena. Unataka isome tu. NO DISC mara nyingi ni lensi chafu au lensi iliyochoka. Tanga kwenu upepo wa bahari unaingiza chumvi na unyevu hadi ndani ya boksi, lensi inakaa na ukungu kama miwani ya mtu aliyetoka jikoni. Fungua kifuniko, umeme umechomolewa, chukua kijiti cha pamba kilicholowa spiriti safi kidogo sana, pangusa kwa mzunguko bila kukandamiza. Lensi ile imening'inia kwenye nyuzi laini, ukiibonyeza kama kengele ya mlango umeiua. Acha ikauke, jaribu. Na ukiwa umeiwasha wazi usichungulie lensi kwa jicho. Mwanga wake huuoni vizuri, lakini wenyewe unakuona.

Ikigoma bado, badilisha lensi. Chini yake au ubavuni kuna namba. KSS-213C ya Sony ni ya kawaida mno, imo kwenye deki za majina mengi hata zisizo za Sony. Nyingine ni SF-P101N ya Sanyo, na hiyo uangalie, kuna ya pini 15 na ya pini 16, ukichukua isiyo yako utarudi dukani. Hapa nikuambie aibu yangu moja, ili fundi wako wa Tanga asiirudie. Miaka ya nyuma nilimfungia mama mmoja lensi mpya. NO DISC. Nikafunga ya pili. NO DISC. Nikaenda dukani nimevimba, namwambia muuzaji ananiuzia feki. Mzee yule akaishika, akavaa miwani, akanionyesha kwa ukucha kitone kidogo cha risasi ya kulehemu kwenye kibao cha saketi cha lensi, hakizidi punje ya mtama. Kiwandani wanakiweka makusudi, kinaunganisha njia mbili ili umeme wa mikononi usiunguze kijitaa cha lensi ikiwa safarini. Ukishachomeka waya wake, unakiondoa kwa pasi ya kulehemu. Nilikuwa nafunga lensi nzima zilizofungwa mdomo. Tangu siku hiyo kitone nakitafuta kabla hata ya kutafuta bisibisi.

Kama deki yako haina DIGITAL OUT, basi nenda kwenye DVD. Sikutanii. Deki za DVD zimejaa mitaani, watu wanazitupa, na nyingi nyuma zina tundu moja la rangi ya chungwa limeandikwa COAXIAL. Hiyo ndiyo transpoti yako, na kwenye 300,000 zako utarudi na chenji ya kutosha. Mara ya kwanza utaihitaji runinga: ingia SETUP, tafuta sehemu ya sauti, pale penye DIGITAL OUTPUT chagua PCM, yaani zile namba za muziki zitoke kama zilivyo, bila kubanwa. Nyingine zimetoka kiwandani zikiwa OFF, mtu anahangaika wiki nzima na waya kumbe bomba limefungwa kwa ndani. Ukishaweka hivyo, runinga iondoe. Ubaya wake ni kwamba ni nyepesi kama boksi la viatu, nyingine hazina kioo cha kuonyesha namba ya wimbo, na zinachukua muda kufikiri kabla ya kuanza. Uzuri wake ni kwamba zinasoma na zile sahani za MP3 za mtaani zenye nyimbo 150. Jambo hili usilidharau. Transpoti ya CD peke yake imetengenezwa kwa CD za muziki halisi, na nusu ya sahani ambazo watu wananiletea wakiziita CD ni mafaili ya MP3.

Hizo za dukani zenye jina la transpoti nazo nizitaje, usije ukasema nakuficha. Cambridge Audio CXC ina droo, nyuma ina coaxial na optical tu, hakuna hata tundu la kupeleka sauti moja kwa moja. Audiolab 6000CDT inameza CD kwa mdomo kama redio ya gari, nayo ina matundu hayo mawili, na inapokea flashi. Ni vyombo vizuri, chuma kizito, rimoti ya heshima. Lakini zilipoingia sokoni Uingereza zilianzia kwenye paundi mia tatu hivi, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Kwa mwenye 300,000 za Kitanzania habari hiyo imeishia hapo. Mwenye nazo anunue, raha ya kushika kitu kizuri nayo ina bei, ila asinunue kwa kutegemea sauti mpya. Pesa ya sauti mpya ipelekwe kwenye spika.

Ukienda kununua mtumba, beba CD yako mwenyewe, ndefu, ya dakika 70 na kitu. CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, kinyume cha santuri. Karibu na katikati inazunguka mizunguko kama 500 kwa dakika, ikifika ukingoni imeshapoa hadi 200 hivi. Muuzaji atakuwekea wimbo wa kwanza, unaimba, mnapeana mikono. Wewe ruka mpaka wimbo wa mwisho. Lensi iliyochoka, reli yenye grisi iliyoganda, mota iliyolegea, vyote vinajionyesha kule ukingoni: utasikia krr krr krr, wimbo unakwama. Fungua na kufunga droo mara kumi. Ikisitasita ni mkanda wa mpira umelegea, hiyo isikutishe, ni dakika kumi za kazi. Tumia kuombea punguzo.

Na CD zako 180 zenyewe uziangalie. Watu wanalinda upande unaong'aa na kuusugua ule wenye maandishi, kumbe ni kinyume. Upande unaong'aa una plastiki yenye unene wa milimita 1.2, na mikwaruzo kidogo deki inaivumilia. Mahesabu yaliyomo ndani ya CD yanaweza kuziba pengo la milimita 2.5 likafidiwa lote usijue. Lakini upande wa maandishi, chini ya rangi tu ndipo ilipo ile karatasi ya alumini yenye muziki. Inua sahani kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga kama bati la jikoni la zamani, muziki wa hapo umekwenda, hakuna transpoti ya kuurudisha. Ukifuta, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

SWALI: Habari fundi. Nilinunua DAC ndogo ya mtandaoni na deki ya CD yenye coaxial. DAC ina tundu la USB pekee. Nimeenda duka moja hapa mjini wakaniambia nahitaji waya maalumu wa coaxial kwenda USB, kisha wakanionyesha waya mwingine wa "dijitali" wa KSh 9,000. Nisaidie kabla sijatoa pesa.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Dada, pesa irudishe mkobani. Huo waya wa coaxial kwenda USB hautakusaidia. Tundu la USB la daki yako linangoja kompyuta au simu iongoze mazungumzo. Deki ya CD haijui kuongea hivyo, inamwaga tu. Badilisha daki, chukua yenye maandishi COAXIAL au OPTICAL upande wa kuingilia. Soma vizuri neno IN na OUT, kuna visanduku vina coaxial lakini ni ya kutolea, na picha ya mtandaoni haisemi.

Kuhusu waya: coaxial ya dijitali inataka waya wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Unao nyumbani. Ule waya wenye vichwa vitatu uliokuja na deki ya DVD, mwekundu, mweupe na njano, ule wa njano ulikuwa wa picha, na picha nayo inatumia omu 75. Utumie huo, mita moja au moja na nusu. Usiuchomeke tu kwenye AUX ya amplifaya, lile tundu la sauti ya kawaida, ukitegemea muziki; kichwa kinaingia sawasawa, lakini zile ni namba, hapo hakuna wa kuzigeuza.

Ukichagua optical ni sawa pia, na ina faida moja: haipitishi umeme, kwa hiyo kama spika zako zina mngurumo wa chini unaokuja ukichomeka deki, unaweza kuukata. Washa deki, tazama tundu. Ukiona kataa kekundu kanang'aa, njia iko hai. Kataa hako hakana neno, si kama ile lensi. Usiukunje waya wake kona kali, ndani ni uzi wa plastiki, ukivunjika hauonekani kwa nje. Na kile kikofia kidogo cha plastiki kwenye ncha kinatolewa kwanza. Naandika hivyo kwa sababu wiki mbili zilizopita nimepokea amplifaya "mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa kikofia.

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Niko Muscat, namnunulia kaka yangu wa Unguja deki ya CD. Kuna jamaa ananiuzia ya Kijapani, safi sana, ina coaxial, kaitoa Japani mwenyewe. Kaka anataka hasa kusikilizia CD za kuchoma, ikiwemo ya taarabu ya harusi ya dada yetu. Nichukue?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaikumu salaam. Geuza mgongo usome kibati karibu na waya wa umeme. Ya soko la Japani imeandikwa 100V. Muscat ni 240, Unguja ni 230, kwa hiyo deki ya dukani Muscat ingefanya kazi Unguja bila swali, hata plagi ya pini tatu ni ileile. Hii ya 100V ikichomekwa ukutani inakufa papo hapo, na mara nyingi haiishii kwenye fyuzi, inaondoka na transfoma. Anahitaji transfoma ya kushusha hadi 100, si zile za 110 zilizozagaa madukani. Mia na kumi itawaka, sikatai, ila kila siku unailisha zaidi ya inachotaka, na kwetu umeme wenyewe hupanda bila hodi. Deki ya CD haili umeme mwingi, transfoma ndogo ya VA 100 (VA ni kipimo cha uwezo wake) inamtosha na kubaki. Kama jamaa yako bei yake pamoja na transfoma bado ni nafuu kuliko DVD ya Darajani, chukua.

CD za kuchoma zina habari yake. Zile za kuandikwa mara moja, CD-R, zinaakisi mwanga karibu sawa na CD ya kiwandani, deki nyingi zinazisoma. Zile za kufuta na kuandika tena, CD-RW, zinaakisi chini ya nusu ya hapo, na deki za zamani, hasa za kabla ya katikati ya miaka ya tisini, nyingi hazizioni kabisa. Mwambie kaka asome maandishi ya sahani. Mjaribishe muuzaji kwa sahani ya kuchoma, si ya dukani.

Hiyo ya harusi ni ya peke yake duniani, sivyo? CD-R imeandikwa kwenye rangi, na rangi inafifia, hasa kwenye jua la dirishani na joto la ndani ya gari. Transpoti itapatikana leo au mwakani. Mwambie kaka ampe kijana mwenye kompyuta yenye kisomeo cha CD, ainakili wimbo kwa wimbo bila kubana kuwa MP3, nakala moja abaki nayo, moja akutumie wewe Muscat. Kisomeo kikikwama kwenye wimbo fulani, ajaribu kingine kabla ya kukata tamaa, vinatofautiana macho. Nimewahi kuokoa sahani moja ya maulidi kwenye kompyuta ya tatu, mbili za kwanza ziliitema.